Mwanya wa Mama na Kitana cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani. Nahesabu kwa mazoea, kama mtu anayegusa mfuko kuona kama ufunguo upo.

Kazi imekwisha. Video ya Mama, ile niliyoipiga asubuhi ya safari, akinishonea kifungo cha koti barazani. Hakuna nyingine ya Mama duniani. Jumamosi ukoo unakutana kwa dada yangu mkubwa na itaonyeshwa ukutani. Dada macho yanamfifia. Daktari amemwambia anachotaka kukiona akione mapema. Anataka kumwona Mama. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo video ndiyo itakayokaa kwenye kiti changu.

Nimeipitia mara saba. Kwanza nilimwondoa shemeji, mume wa dada, anayeingia kwenye picha bila kualikwa huku akijichana nywele. Nikahifadhi. Nikaifungua ile niliyohifadhi, nikaongeza mwanga. Nikahifadhi. Nikaifungua hiyo, nikapunguza mwanga. Na kadhalika. Nilikuwa msahihishaji wa kurasa gazetini, na kanuni yetu ilikuwa moja: aliyepitia mara moja hajapitia. Kila jicho linalopita huondoa kosa. Nakala za nyuma nimezifuta zote, hata ile ya mwanzo kabisa. Mezani pakiwa na rasimu mbili, ofisini pana ugomvi.

Nimemtumia dada. Nangoja shukrani.

Jumanne, 4 Machi

Shukrani hazikuja. Dada amepiga simu na, kwa upole wake wote, ameuliza yule mama anayeshona ni nani.

Nikamwambia ni Mama. Kisha akasema Mama alikuwa na mwanya, huyu hana. Tena huyu anashona bila uzi.

Nikamwambia ni macho yake hayo. Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anayejua kazi yake. Nyuma yake nikasikia sauti ya shemeji: "Mwambie mdogo wako macho yangu ni mazima, na mimi naona uji."

Uji! Huyu alipiga video za harusi maisha yake yote, na nusu ya maharusi wake hawana vichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu amepitia hapa akitoka kazini. Akaitazama video amesimama, mkoba begani. Akasema ni kama kumwangalia mtu nyuma ya kioo cha bafu.

Halafu akanifundisha, mimi niliyemfundisha kusoma. Video si karatasi, akasema. Kila ukiihifadhi upya, programu huibana ili iwe nyepesi, na katika kuibana hutupa vitu vidogo inavyodhani hakuna atakayeviulizia. Uzi, kwa mfano. Mwanya. Ukifungua iliyobanwa ukaibana tena, inatupa vingine. "Umechuja chai mara saba, baba. Unashangaa kukuta maji."

Nikauliza nani aliyeipa programu ruhusa ya kutupa meno ya watu. Akasema ni mimi, kila nilipobonyeza.

Kumbe kwa kukata tu hapakuwa na haja ya kubana. Kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki: nakili bila kubana upya. Ukikitia tiki, kinachokatwa kinakatwa na kilichobaki kinabaki kama kilivyozaliwa. Kisanduku hicho nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni cha wavivu.

Akaomba nakala ya mwanzo. Nikamweleza kuhusu rasimu mbili na ugomvi. Alinitazama kama marehemu mama yake alivyokuwa akinitazama nikipigilia rafu ukutani.

Kwa hiyo imebaki mahali pamoja tu. Kamera ilikuwa ya shemeji. Mkanda alibaki nao, akauhamishia kwenye kompyuta yake, na nakala yangu ilitoka kwake. Nimpigie magoti mtu yule? Sipigi.

Nimetunga hila. Nimemwandikia kiofisi kwamba nafanya ukaguzi wa hifadhi za ukoo na naomba nakala yake ili niilinganishe na yangu. Barua nzuri, haina koma hata moja iliyopotea.

Jibu lilikuja kwa sauti, pamoja na kelele za vyombo vinavyooshwa. "Shemeji, sema tu umeiharibu. Sema, hakuna anayekusikia. Ni mimi, dada yako na hawa majirani." Akaongeza sharti moja. Nywele zake zisiguswe. Leo ana upara kama sahani na wajukuu wake hawaamini kwamba kitana kiliwahi kupita pale. "Nywele zangu zimebaki kwenye ule mkanda tu. Nawe unazikata kama kinyozi."

Nimeahidi. Ameweka faili mahali pa kulipakua, hakulituma kwa ujumbe wa simu, maana na huko, anasema, wanabana. Anapenda sana kuniambia mambo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeifungua.

Uzi upo. Mama analowesha ncha yake ulimini, anakosa tundu la sindano, anacheka, na mwanya huo hapo. Hata uzi mwekundu alioazima kwa jirani kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mwekundu. Katika nakala yangu ya saba hakuna uzi wa kuwa na rangi.

Kisha shemeji anaingia na kitana. Wakati huohuo Mama anakata uzi kwa meno, anapiga kifungo kofi dogo na kusema: "Hiki hakitoki mpaka urudi." Kitana kinapita juu ya maneno yake.

Ahadi ni ahadi, lakini kitana ni kitana. Nikaweka tiki, nikaamuru kata hapa. Programu haikukata hapa. Ilikata mbele kidogo, ikaniachia mkono usio na mwenyewe, kitana hewani, na sentensi nzima ya Mama.

Nikampigia binti. Akasema ndivyo ilivyo: bila kubana upya, inaweza kukata tu penye picha iliyo kamili. Picha nyingine ni nusunusu, zimeegemea ile iliyotangulia, ukiziachanisha zinaanguka. Akaniambia niuache huo mkono, hauli wala haunywi.

Sikuzeekea gazetini ili kompyuta inichagulie mahali pa kuweka nukta. Nikaondoa tiki. Nikabana mara moja tu. Kisha nikaongeza mwanga kidogo. Kisha nikaupunguza. Nikamtumia dada.

Jumapili, 9 Machi

Nimehujumiwa. Shemeji hakuonyesha yangu. Ameonyesha yake, nzima, kama ilivyotoka kwenye mkanda. Ukoo mzima ukashuhudia.

Dada ndiye aliyenisimulia. Alikaa karibu na ukuta hadi kivuli chake kikamfunika Mama, wakamsogeza nyuma, akarudi. Aliposema ameuona mwanya nilisikia sauti yake ikibadilika, na mimi nikatafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa. Ameuona, anasema, na uzi, na rangi ya uzi. Aliweka kidole ukutani pale penye meno.

Kisha kitana kikaingia na baraza zima likapasuka kwa kicheko. Wajukuu wakauliza kijana yule mtanashati ni nani. Shemeji alisimama, akainamisha upara, akazunguka kupokea pongezi. Miaka thelathini na moja ameisubiri siku hiyo.

Dada akasema hakuwahi kujua Mama alisema nini kuhusu kifungo. Nakala zangu zote huishia kwenye sindano. Akauliza kifungo kikoje.

Nilitazama nyuma ya mlango. Koti limeliwa na nondo kwapani na kolani. Nikamwambia kipo. Hakijalegea.

Akasema, "Basi kama hakitoki, njoo nacho, mdogo wangu. Kwa macho haya ungali unaonekana." Akauliza lini.

Nikamwambia laini inakatika. Haikuwa ikikatika. Nikasema jibu nitalituma kwa video, na asimpe shemeji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejirekodi asubuhi, dirishani, nimevaa koti. Ni maneno machache, lakini nilianza kwa kukohoa. Nikakata kikohozi, nikahifadhi. Nikaifungua hiyo, nikaongeza mwanga. Nikahifadhi. Mahali fulani katikati sauti inatetemeka, nikakata hapo, nikahifadhi. Kisanduku kilikuwepo. Nilikiacha kilivyo, kitupu.

Katika nakala ya nne mikunjo ya uso imepungua. Katika ya sita macho hayang'ai tena, na kifungo cha Mama hakitofautiani na koti. Binti amepita akaona, akaweka mkoba chini safari hii. Akauliza ya mwanzo iko wapi. Nikamwambia nimeifuta. Akasema, "Baba, Shangazi hatakujua."

Nikamwambia imepitiwa, na msahihishaji ni mimi. Uso umelainika vizuri. Sauti haikuharibika, kila neno linasikika: Dada, kifungo kipo. Mimi sitarudi.