Gamba Langu Lenye Masikio

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Brashi, yule dada wa meza ya pili hapa makumbusho, anadai kapata spishi mpya ya amonaiti. Yaani mnyama wa bahari aliyetoweka zamani, akabaki gamba la jiwe lililojisokota. Alhamisi kamati ikikubali, litapewa jina lake. Jina lake, milele! Mimi nasafisha visukuku tangu yeye anavaa sare za shule, na hata mdudu mmoja hana jina langu. Gamba lenyewe kubwa, laini, halina mbavu za maana, yaani ile mistari iliyoinuka juu ya gamba. Nilimpongeza. Kwa wivu nikakohoa katikati ya pongezi, nikasingizia chai.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu anasema kila mtu na riziki yake. Nikamjibu yangu huwa inaishia meza ya pili. Nimepekua droo zote za stoo. Nimepata! Gamba dogo, mbavu kali, na mdomoni vimetokeza vipande viwili kama masikio. La Brashi halina hata sikio moja. Spishi nyingine kabisa, na nzuri zaidi. Brashi aliomba kulishika kidogo. Nikalitia mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Mkuu wa idara alikuwa anasita kuhusu gamba la Brashi, akasema ushahidi haujatosha. Moyo wangu ukacheza. Nikasimama na langu. Akauliza limetoka wapi. Nikajigamba kwamba ni mwamba uleule wa la Brashi, tabaka lilelile, yalilala ubavu kwa ubavu. Nilitaka Brashi aumie. Akatabasamu, akauliza kama mizunguko ya ndani nayo inatofautiana. Nikasema yakatwe yote mawili, tuone nani ataumbuka.

Fundi wa msumeno akakata. Kule katikati, magamba yalipokuwa bado machanga, yanafanana kama mapacha. Mbavu zilezile, mishono ileile ya vyumba vya ndani. Mkuu akanieleza kwa upole ulioniuma kuliko tusi: amonaiti wengi, jike ni kubwa, dume ni dogo lenye masikio. Kumbe nimemtafutia amonaiti wa Brashi mume. Ushahidi ukatosha, spishi imepita bila ubishi. Wamenipigia makofi na mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Brashi kaniambia kaka, bila wewe nisingefika. Ataniandika kwenye shukrani, mwishoni kabisa, baada ya fundi wa msumeno. Sikulala. Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia mimi sikuchimba, nilipekua droo.

Jumatatu, 10 Machi
Mungu si Athumani. Droo ya chini, mwamba uleule, nimepata gamba dogo kuliko yote. Halina masikio, mbavu ndiyo kwanza zinaanza. Spishi mpya, safari hii bila shaka. Nimeomba kikao cha kamati. Brashi alipita, akaniuliza taratibu kama huyo si mtoto wao. Nikamfungia droo usoni. Maskini, wivu unamtafuna.