Maua Meupe Yaliyonizika

Kwako Dada Mpiga Picha za Sanaa,

Natumaini wewe na kamera yako hamjambo. Mimi ni yule mbeba saruji uliyemkuta kwenye jengo la ghorofa ukasema uso wake una jambo. Kwa heshima zote naandika kulalamika kwamba umeniua.

1. Ulinifuta vumbi, ukanilaza juu ya shuka nyeupe, ukanizungushia maua meupe kuanzia masikioni hadi kifuani, ukanikunja mikono, kisha ukaniamuru nifumbe macho nisiwaze kitu. Nilitii. Kwa mtu aliyeshinda na mifuko begani, hakuna kazi nyepesi kama hiyo. Nililala hadi nikakoroma. Bahati mbaya sanaa yako hainasi mkoromo.

2. Ulinipa nakala kwenye fremu nyeusi, na chini yake ukaandika kwa ufundi jina langu, mwaka niliozaliwa, kistari, halafu mwaka huu. Nilidhani ndivyo wasanii wanavyoweka tarehe. Nikampa dereva wa lori aifikishe nyumbani bila neno lolote, maana ulisema picha nzuri hujieleza. Ilijieleza. Kaka yangu aliifungua, akakaa chini, na kufikia jioni matanga yalikuwa yameanza.

3. Nilipiga simu. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Matapeli nyinyi hamna haya, hata marehemu mnamwigiza? Mwenyewe hakuwa na sauti nzuri hivyo." Akakata.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu, aliye huko nyumbani na ambaye naongea naye kwa simu kila siku, anawaambia niko hai. Shangazi zangu wanampapasa mgongo na kumwambia alie tu, asijizuie. Kadiri anavyoapa ndivyo wanavyomhurumia, na sasa wanapangiana zamu za kukaa naye asije akachanganyikiwa kabisa. Juzi aliniuliza, kwa upole, kama nina hakika.

Kwa hiyo naomba unipige nyingine haraka. Nisimame na mfuko begani, macho yote mawili wazi, uso nimeukunja kama kawaida yangu. Ua lisinikaribie hata kwenye kiatu. Mwaka usiandike. Ikiwezekana nionekane natafuna, kwa sababu sijapata kusikia maiti anayetafuna.

Nisalimie fundi wako wa taa, na wote wanaokuja kwenye maonyesho kunitazama wakinong'ona. Waambie sijambo.

Wako ninayepumua,
Mbeba Saruji

Nyongeza: Mke wangu amepiga simu sasa hivi. Kaka, niliyembembeleza miaka yote anisimamie ujenzi akawa hana nafasi, ameona aibu waombolezaji kuikuta nyumba yangu haina paa. Ameezeka mwenyewe, na sasa anapiga plasta huku analia, anasema hajapata kuwa na ndugu kama mimi. Mke wangu ameacha kubishana naye, anampelekea maji tu. Picha niliyoomba isubiri kwanza. Na kama yale maua hayajanyauka, nitengenezee nyingine kubwa zaidi tuipeleke. Bado choo.