Nimeandika Ukuta wa Wenyewe

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe. Nasimulia mwenyewe kabla vijana wa bodaboda wa Kyebando hawajawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Mnajua kazi yangu ni kupaka rangi. Jana Mzee Ramadhani alinipigia simu. Anasafiri kwenda Arua kwa binti yake, na anaogopa matapeli wasije wakaiuza nyumba yake akiwa huko. Akataka niandike ukutani, upande wa barabara, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Geti la kijani, ukishapita msikiti. Wewe gonga tu, nitakuwa ndani."

Gonga! Hapo ndipo nilipoponzeka. Mimi kugonga geti la mtu nisiyemjua siwezi. (Hata dukani nikikuta watu wengi hujifanya napita.) Nikafika, nikaliona geti la kijani, nikakohoa kidogo. Hakuna aliyetoka. Nikajiambia mzee amepumzika, nimsumbue ya nini? Nikasimamisha ngazi.

Naandika polepole. Shule niliishia ya msingi, na kila herufi naichora kama mtu aliyebeba mayai. Lakini zilitoka nzuri! Kubwa, zimenyooka, unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Wapita njia walikuwa wakisoma na kutikisa vichwa. Mama mmoja akasema, "Banange, hata hapa wanagombania urithi?" Sikumjibu. (Nikiwa chini tu sijibu watu, sembuse juu ya ngazi.)

Nilikuwa kwenye herufi ya mwisho gari jeupe liliposimama. Bwana mmoja mwenye kanzu akashusha kioo. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. Mara geti likafunguka, akatoka Hajati mmoja amependeza, anatabasamu.

"Karibu, karibu! Chai iko tayari."

"Hajati, mbona hukuniambia nyumba ina kesi?"

"Kesi gani?"

Bwana akanyoosha kidole. Hajati akageuka, tabasamu likamtoka. Bwana akasema yeye anatafuta nyumba, hatafuti ugomvi wa watu. Akapandisha kioo, akaondoka.

Hajati akanikazia macho. "Nani amekutuma? Ni shemeji yangu, siyo?"

Hakusubiri jibu. Akatoa simu, akapiga hapo hapo.

"Shemeji! Ndugu yako aliniachia nyumba hii mimi! Bati zimetoboka, nalala na beseni kitandani, hukuleta hata msumari! Wanunuzi wote wamekimbia paa. Leo nimepata mmoja aliyelikubali, na wewe unatuma mtu aandike ukuta?"

Shemeji naye akaanza kufoka, hata mimi juu ya ngazi nilimsikia. Watu wakasimama kusikiliza. Nikajua nisiposema neno, ukoo mzima utavunjika kwa ajili ya brashi yangu.

"Hajati... nimekosea geti."

"Nini? Sema kama mtu!"

"NIMEKOSEA GETI! Naenda kwa Mzee Ramadhani!"

Hajati akamkatia shemeji simu. Akaonyesha nyumba iliyofuata. Geti la kijani. Yaani kijani kile kile!

"Shuka," akasema. "Mfuate yule bwana, umwambie hivyo hivyo. Kimbia!"

Nikakimbia. Gari lilikuwa limekwama kwenye foleni pale madukani. Nikagonga kioo. (Leo nimegonga, mnaona?) Bwana akaona mikono miwili myekundu kwenye kioo chake, akafunga milango yote. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Vijana wa bodaboda wakashuka kwenye pikipiki zao, na hawakuwa wanakuja kunisalimia.

Basi mimi, mtu wa kukohoa getini, nikainua mikono katikati ya barabara nikapaza sauti yote niliyo nayo:

"Nyumba inauzwa! Nyumba ya Hajati inauzwa! Haina kesi! Mimi ndiye niliyeandika ukuta wa watu!"

"Ina vyumba vingapi, dalali?" akauliza mmoja.

"Na wewe mwenyewe unauzwa?" akauliza mwingine.

Barabara nzima ikacheka. Kioo kikashuka taratibu. Yule bwana alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanzu. Akanipakiza nyuma, juu ya gazeti, nisimchafulie kiti, tukarudi.

Yeye na Hajati wakaingia kukagua paa na kupatana bei. Mimi nikabaki nje nasugua ukuta kwa mafuta ya taa. Maneno hayakufutika, ila yalitambaa, ukuta mweupe ukawa na madoa kama umepata surua. Walipotoka, bwana akasimama nyuma yangu.

"Acha kusugua, kijana. Tumekubaliana. Hayo maneno yaandike upya, sasa yananihusu."

Hajati alicheka mpaka akajishikiza kwenye geti.

Mzee Ramadhani bado ananisubiri, na rangi imekwisha. Msinicheke. Ila mkiita fundi, tokeni nje mumpokee. Wengine tuko tayari kuandika ukuta mzima kuliko kugonga geti.