Mfumo wa Bwana Preben

Dunia hii imepata watu wawili tu walioielewa kompyuta: aliyeiunda, na jirani yangu Preben Lauritsen. Na huyo aliyeiunda, kwa mujibu wa Preben, alikosea mambo kadhaa!

Preben alikuwa mkaguzi wa maziwa kwa miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusoma tarehe kwenye vifuniko. Maziwa yakipita siku yake yalimwagwa, hata yawe matamu kama asali. Alipostaafu akanunua kamera ya dijitali, akapewa na mkwewe kompyuta iliyotumika, na ukaguzi ukahamia kwenye picha.

Kabla yake, picha za sherehe za kijiji nilizipiga mimi. Kwa filamu! Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, zikiisha zimeisha, kwa hiyo ulimtazama mtu vizuri kabla ya kubonyeza. Majira ya baridi tukizima taa ukumbini, slaidi zinawaka ukutani, watu wanakula keki za aina saba na kubishana shangazi gani ni yupi. Leo Preben anapiga mia nne kwa siku. Mbwa akipiga chafya, picha kumi na mbili!

"Vagn, mzee mwenzangu," aliniambia, "zako zimo kwenye maboksi ya viatu. Zangu zimo kwenye mfumo."

"Na unazitazama lini?"

"Kuzitazama? Unanichekesha! Nachomeka kadi, picha zinapanda kwenye kompyuta, kadi naifuta. Kila picha inaingia kwenye folda ya tarehe yake. Zenye tarehe ya kabla sijanunua kamera ni takataka za mkwe wangu, zinakwenda pipani, humo humo kwenye kompyuta. Na pipa namwaga kila Jumamosi, saa nne kamili!"

Kwetu mtu akijisifu hivyo hapingwi. Anasubiriwa.

Mwezi Agosti, Egon na Tove walitimiza miaka hamsini ya ndoa, harusi ya dhahabu. Saa moja asubuhi, kama ilivyo desturi yetu, tulikuwa mlangoni kwao na tarumbeta, chini ya upinde wa matawi ya msonobari tuliousuka wenyewe. Dada yake Tove, Ragnhild, alikuwa amekuja kutoka Kanada baada ya miaka thelathini na minane. Ana miaka themanini na mmoja, na alisema wazi kwamba ndege nyingine hapandi tena. Madada wakasimama chini ya upinde, wameshikana mikono. Preben akabonyeza.

"Preben, mwanangu," Tove akamwambia, "hiyo moja tu nakuomba. Nyingine zote chukua wewe."

"Mama, kwenye mfumo wangu haipotei hata kope!"

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, ukumbi ulijaa. Kahawa, keki, projekta mpya. Preben alikuwa na suti, na hotuba ya kurasa tano. Alipofika ukurasa wa tatu, Egon akauliza, "Picha zimo kwenye hotuba, au tutaziona pia?"

Preben akafungua folda yenye tarehe ya harusi. Picha arobaini na tatu! Akabofya ya kwanza.

Ukutani, upana wa mita tatu, akatokea Preben mwenyewe mbele ya kioo cha kabati, amevaa suruali ndefu ya ndani ya sufu, iliyolegea makalio kama hema lililokatika kamba. Ameinama kwa heshima.

Akabofya haraka. Preben, ubavuni. Akabofya. Preben, tumbo limerudishwa ndani. Akabofya. Tumbo limeshindwa!

"Hongera, Tove!" mtu akapiga kelele. "Bwana harusi kanenepa!"

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu mstaafu alimwaga kahawa kwenye keki ya jirani, na jirani akaila hivyo hivyo. Mimi nilicheka mpaka meno ya bandia yakaomba likizo.

Kisha nikamwona Tove. Hakucheka. Mikono aliiweka mapajani, mmoja umeshika mwenzake.

"Picha yangu na Ragnhild iko wapi?"

Birthe, mke wa Preben, akasimama. "Ulitoa betri uzichaji kabla ya harusi. Saa ya kamera ikarudi Mwaka Mpya wa elfu mbili. Nilikuambia! Ukasema mfumo hauna nafasi ya maoni. Ukairekebisha mchana, baada ya sherehe, ukaijaribu kwa hizo chupi zako."

Preben akawa mweupe kama bidhaa alizozikagua. Asubuhi yote ya harusi ilikuwa na tarehe ya zamani. Takataka za mkwe!

"Pipani," Tove akasema polepole. "Na leo ni Jumamosi. Saa nne imepita."

Hapo hata mimi sikuwa na hamu ya kucheka.

Preben akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti!" Birthe akaamuru.

"Sikumwaga."

"Hatusikii huku nyuma!"

"Pipa sikulimwaga! Saa nne nilikuwa kwenye kioo nafanya mazoezi ya hotuba! Tangu enzi za maziwa, hii ni mara ya kwanza kuchelewa!"

Watu wakasimama, wakampigia makofi ambayo hotuba yake isingeyapata kamwe. Tukaandamana ukumbi mzima mpaka nyumbani kwake, Tove mbele, vikombe mkononi. Birthe akafungua pipa. Walikuwemo: madada wawili, upinde, mikono.

Picha mbili nilizipeleka mimi mwenyewe kuchapishwa, karatasi nzito. Ya madada iko juu ya kochi la Tove.

Ya pili, ya suruali ya sufu, iko ukumbini, kwenye safu ya picha za wenyeviti wa kijiji. Preben kila akipita anauliza itafutwa lini.

"Hiyo haifutiki, mzee mwenzangu," namjibu. "Nimeipiga misumari minne."