Udi wa Kutafuna, Kashata za Kufukiza

Leo nimeadhirika, jamani. Na kosa ni langu mwenyewe, sina wa kumsingizia: makopo mawili tu, nikaona uvivu kuyaandika kilichomo.

Mnanijua, mimi mtu wa ndani. Tangu tumalize skuli wenzangu mmekimbilia mahoteli ya Uroa, mimi nimebaki Mkunazini na mama na seredani lake la makaa. (Leo nimetoka kwa ajili yenu, nimekuja mpaka kwenye mashine za intaneti. Mjue jambo ni zito.) Basi nikasema, kama mimi siifuati biashara, itanifuata humu humu ndani. Nikaanza kupika udi wa kufukiza, vijiti vya udi kwenye sukari na marashi, na kashata za njugu. Mtaji wangu sufuria moja, kisu kimoja, na makopo matupu ya maziwa ya unga niliyowaomba majirani. Sufuria ikitoka udi, naikwaruza, naiosha, natia kashata. Zote rangi moja, zote nnakata vipande vya mraba. (Msikunje nyuso. Nnaiosha vizuri.)

Bi. Salma, nyumba ya tatu kutoka kwetu, binti yake leo analetewa posa. Akaniagizia kopo la udi na kopo la kashata. Akanambia, "Wageni wakiridhika, udi wa harusi yote utapika wewe." Harusi nzima! Nikajiona nshanunua sufuria ya pili.

Siku tatu nimepika. Pua ikafa. Kwetu hata mchuzi unanukia udi, na mimi sisikii harufu ya kitu. Leo baada ya sala ya alasiri nikabeba makopo yangu, udi mkono wa kushoto, kashata mkono wa kulia. Bi. Salma akafungua mlango, macho mekundu, mafua yamemshika, anapiga chafya kama anafukuza mbuzi. Tumesimama uso kwa uso.

"La kushoto udi, la kulia kashata," nikamwambia.

"Ahsante, mwanangu. Ingia, ingia, wageni washafika!"

Akayapokea, moja mkono huu, moja mkono huu, akapotea nayo jikoni.

Wageni ni wanawake watano kutoka Mpendae, mbele yao Bi. Aziza, shangazi yake bwana harusi, mwanamke mzima, mabuibui matupu na haiba. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Bi. Nunuu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kaja kusaidia kahawa. Mimi nikapewa chetezo na lile kopo la udi. "Fundi ni wewe, fukiza mwenyewe."

Nikatia kipande juu ya makaa. Hakikutoa moshi. Kikatoa jasho. Halafu kikatoa povu. Nikapuliza. Kikachuruzika, kikaanza kutokota! Nikajiambia, makaa haya mabaya. Nikatia kipande cha pili, nikampelekea Bi. Aziza. Akainua mtandio wake kwa heshima, akavuta pumzi, akafumba macho. Akayafumbua.

"Udi wa wapi huu, mwanangu?"

"Wa nyumbani, Bi."

"Aaa," akasema. Akakohoa kidogo.

Wakati huo sahani ya kashata inazunguka na kahawa. Na nyinyi mnajua, mgeni wa posa hatemi. Ukitema kwenye nyumba ya posa umeshamtukana binti wa watu. Wote watano wakatia mdomoni. Wakaanza kutafuna. Kutu. Kutu. Kutu. Mmoja kanywa vikombe vitatu vya kahawa mfululizo. Mwengine anaangalia dari, machozi yanamlengalenga. Nikasema, mashallah, utamu umewafika! (Mimi huyo!) Nikaichukua sahani, nikawazungukia tena.

"Karibuni, ongezeni. Msione haya."

Wakatazamana. Wakaongeza.

Bi. Aziza akatafuna, akatafuna, akasita. Akatia vidole viwili mdomoni, akavuta taratibu kijiti chembamba cheusi. Akakinyanyua mbele ya watu.

"Salma, dada yangu. Kashata zenu mnatia kuni?"

Wallahi bado sijafahamu! Nikajibu mimi, bila kuulizwa: "Pengine ni ganda la njugu, Bi."

"Njugu?" Akanyoosha kidole kwenye chetezo. "Njugu nnazisikia huko, zinaungua!"

Na chetezo, kama kilichoitwa jina, kikawaka moto. Moto wa kweli, mrefu hivi. Bi. Nunuu akakimwagia kahawa.

"Fatma!" Bi. Salma huyo.

"Naam."

"Si umenambia udi la kushoto?"

"Naam, la kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

Nikainua mkono wangu wa kushoto. Yeye akainua wake. Tukabaki tumeinua mikono kama watu wanaoagana bandarini. Nikageuka nyuma nihakikishe. Nikazidi kupotea. Mpaka sasa nnapoandika sina hakika nimekaa upande gani.

Wageni walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mto. Bi. Aziza alipopata pumzi akasema, "Binti tumempenda, na posa tumeileta kwa moyo safi. Lakini huyu fundi wenu, siku ya harusi aje na mikono mitupu." Bi. Salma akaitikia bila hata kunitazama. Harusi imekwenda, na sufuria ya pili imekwenda nayo.

Nikatoka nikakaa kibarazani, nimejifunika mtandio mpaka puani. Bi. Nunuu akanifuata, akaketi, akanitazama sana. Nikasema, mtu mzima, atanipoza. Akanambia:

"Usilie. Wanawake watano wamerudi Mpendae na udi tumboni. Kesho mmoja wao akijamba, mtaa mzima utauliza unauzwa wapi."