Mchemraba Unaonukia Ndimu

Jumatatu, 2 Machi
Siku nane zimebaki! Jumanne ya wiki ijayo muda wangu wa majaribio kiwandani unakwisha. Niajiriwe, au nirudi kwa mama mdogo, aliyeniombea kazi hii nusura apige magoti. Kazi yenyewe: kuandika vibandiko vya michemraba ya zege. Leo Mhandisi kanikabidhi kichupa cha unga mweusi. Ni vijirija vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu, vya kuishikilia saruji isipate nyufa. Nitengeneze mchemraba mmoja, Mpimaji wa maabara atengeneze mwingine, ibanwe kwa mashine baada ya siku saba, ijulikane upi mgumu. Mpimaji akauliza kama karani anajua koleo hushikwa upande gani. Wote wakacheka. Nikacheka nao. Nimeumia.

Alasiri. Unga hautaki maji! Unaganda madonge kama uji wa mvivu. Ipo mashine ya kuutawanya, lakini ufunguo anao Mpimaji. Nimwombe yeye? Afadhali nife. Jikoni kuna sabuni ya vyombo ya ndimu. Matone matatu, madonge yakatoweka! Nikaongeza kikombe kizima, kwa uhakika zaidi.

Jumanne, 3 Machi
Mchemraba umeumuka. Nimeuinua kwa vidole viwili, mwepesi kama andazi. Nimempigia mama mdogo simu, kanishauri niseme ukweli: "Mficha uchi hazai, mwanangu." Nimemshukuru sana. Kisha nikabadilisha vibandiko.

Jumatatu, 9 Machi
Siku ya kubana. Mchemraba wenye jina langu uligoma kuvunjika hadi mashine ikaguna. Wenye jina la Mpimaji ukawa vumbi kabla mashine haijakaza. Mpimaji akaokota chembe, akainusa.

"Ndugu karani," akasema taratibu, "mchemraba wangu unanukia ndimu. Wako je?"

Nikasema nina mafua.

Jumanne, 10 Machi
Nimeajiriwa! Mhandisi kanipa mkono, kisha akaniambia kesho nirudie mchanganyiko wangu mbele ya wakurugenzi. Mpimaji, kwa hiari yake, kaomba kunishikia ndoo. Atasimama ubavuni kwangu na ile pua yake. Ufunguo wa mashine ya kutawanya unga kautundika shingoni. Kasema niuombe tu, hata leo, hatauliza kitu.

Sikuuomba.

Mama mdogo karudia methali yake. Nimemjibu kwamba kuzaa sina haraka. Nimezunguka maduka manne, miguu imevimba, lakini nimeipata: sabuni isiyo na harufu.