Spika Mbili kwa Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti 2025
Nimepewa muziki! Jumamosi mama mkwe, Bibi Efrazia, anatimiza miaka themanini, na kikao cha familia hapa Endasak kimenichagua mimi, si shemeji Ignasi. Kanuna. Yeye alitaka kwaya mwanzo mwisho. Kutwa nzima!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimezunguka kuuliza watu. Wazee, kwaya. Rika langu, dansi la zamani. Binti yangu Glory na wenzake, singeli. Eti dansi letu linawaletea usingizi. Nimewaahidi wote. Mke wangu Rogathe akauliza nitawezaje. Haniamini tangu tuoane.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepata akili. Spika mbili! Moja mbele ya nyumba, ya wazee. Nyingine nyuma, kando ya zizi, ya vijana. Zote kwa mpigo. Rika langu litakaa katikati. Ignasi anasema ng'ombe watashtuka. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Ng'ombe walishtuka. Singeli ilipoanza tu, ng'ombe wa mama mkwe, mwenye mimba kubwa, alivunja zizi, akapindua sufuria la pilau, akatokomea upande wa mlimani. Mama mkwe akakaa chini, akalia. Siku yake! Nikazima kila kitu. Tukatawanyika kumtafuta, wazee na fimbo zao, vijana na pikipiki. Nilipita kwenye mabua ya mahindi nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua, na wawili nisio na hakika nao.

Saa kumi na moja jioni akapiga simu Bura, mfugaji wa kule mlimani. "Njooni mchukue ng'ombe wenu. Wako wawili."

Wawili! Ndama jike, keshasimama! Nikamkumbatia Ignasi. Mama mkwe alicheka, kisha akaanzisha wimbo wa Kiiraqw aliofundishwa na mama yake. Wazee wakaitikia. Glory na wenzake wakapiga makofi, wakaomba arudie. Hata Ignasi alicheza. Vibaya.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala fofofo. Ndama ananyonya. Mama mkwe kaitikia shikamoo yangu kwa tabasamu. Misa nzima nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: spika mbili hazikutosha! Mwezi ujao Oliva, binti wa Ignasi, anapata kipaimara kwao Maretadu. Nimeshaomba muziki niachiwe mimi. Spika tatu. Wala hakuna cha kuogopa, Ignasi hafugi ng'ombe. Anafuga nyuki.